Mabega Meusi ya Shati Jeupe

Sare ya nesi iliyovaliwa kwa muda wa saa kumi na mbili wodini haiwezi kurudi nyumbani na mikunjo ya pasi. Kujua hilo hakuhitaji shule. Shule mimi niliiacha darasa la tatu, Korogwe, nikaenda kukanyaga cherehani ya mjomba wangu, na leo nina duka langu la ushonaji hapa Barking, London, halina mbia, na mafundi wote wa mtaa ule waliokuwa wakinicheka Kiingereza changu walishafunga. Nguo nazijua. Basi binti yangu aliporudi Alhamisi moja akisema shifti ilikuwa ngumu na miguu inawaka moto, nilingoja aingie bafuni, nikafungua mfuko wake, nikaitoa sare. Mikunjo niliyoipiga mwenyewe Jumatano ilikuwa pale pale. Nikanusa kwapani. Hakuna kitu. Nikairudisha kama nilivyoikuta.

Alhamisi iliyofuata, vile vile.

Tulikuwa tunaishi wawili. Mama yake alifariki, kaka zake wako mbali na hunipigia simu Krismasi, kwa hiyo huyu binti ndiye aliyekuwa nyumba yangu. Ana miaka thelathini na nne, amezaliwa hapa hapa London. Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili kwa sababu anayeandika ni mimi.

Nilifikiria yote. Amefukuzwa kazi anaona haya kusema. Ana mwanamume. Anaumwa, anakwenda kutibiwa kwingine nisijue. Kila nililofikiria lilininyima usingizi kuliko lililotangulia. Alhamisi ya tatu nilifunga duka asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu siku ya mazishi ya mke wangu, nikamfuata. Alipanda treni, nikapanda behewa la nyuma. Akabadilisha, nikabadilisha. Treni ya pili ilikuwa ya Croydon.

Sasa, mtu wetu akisikia Croydon hafikirii maduka wala tramu, zile treni ndogo za barabarani. Anafikiria lile jengo kubwa la uhamiaji. Kila mmoja wetu aliyetafuta makaratasi ya nchi hii amesimama pale na bahasha kifuani, akijiuliza amesahau nini. Lakini binti yangu ana pasipoti tangu mtoto. Kilichompeleka Croydon ni nini? Jibu nililoliona ni moja tu: kuna mwanamume hana makaratasi na anataka kuyapata kwa kumwoa mwanangu. Nilimwona kabisa huyo mwanamume, viatu vya ncha, mdomo mtamu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya nguzo, nikapanga maneno ya kumwambia.

Binti yangu alilipita lile jengo hata bila kuliangalia. Akapanda tramu. Nami nikajipenyeza mlango wa nyuma. Vituo viwili, akashuka, akaingia ukumbi wa kanisa wa matofali mekundu.

Kabla sijafika mlangoni nikasikia sauti ya mwanamke ikiimba. Sikuitambua. Sauti ya mwanangu mimi naijua kwa kuitikia kanisani, ya katikati, ya heshima. Hii ilikuwa inapanda mpaka nikashika ukuta. Nikafungua mlango. Binti yangu alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya mzungu mkubwa mwenye ndevu, amemwinulia mikono kama mtu anayeomba asiuawe.

"Inuka hapo!" nikasema, kwa Kiswahili, na kwa sauti ya dukani.

Piano ikanyamaza. Watu kama kumi na watano wakageuka.

"Baba?" Hilo alilisema kwa Kiswahili.

"Huyu anakufanya nini?"

"Hanifanyi kitu, Baba. Ni mume wangu."

Nilitafuta kiti kwa mkono.

"Wa kwenye opera!" akasema upesi. "Mume wa kwenye opera! Ana mke wake, yule pale, mwenye soksi za njano!"

Mwanamke wa soksi za njano akanipungia mkono. Sikumpungia.

Aliyekuja kunikalisha alikuwa mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, miwani inaning'inia kwa kamba, ndiye mwalimu wao. Nitamwita mama wa muziki. Alinipa chai, akanieleza polepole, jambo lililoniudhi, maana Kiingereza cha kusikia ninacho. Alisema opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Hii yao ilitungwa na Mjerumani mmoja wa zamani, enzi ambazo watu wa huko walikuwa wakipenda misitu, makasri na machozi, naye aliichukua kwenye hekaya ya kale zaidi, ya wapanda farasi wa mavazi ya chuma. Iliimbwa mara chache, ikatupwa. Zaidi ya miaka mia hakuna aliyeigusa. Yeye aliikuta kwenye sanduku la makaratasi katika nyumba ya mwalimu wa piano aliyekufa.

"Ilitupwa kwa nini?" nikamuuliza.

"Ni nzuri sana," akasema.

"Sijauliza hivyo."

Nina nguo dukani ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Moja gauni la harusi. Kila moja iliachwa kwa sababu, na sababu yenyewe haijapata kuwa nzuri. Mtu akiniambia ameokota kitu kizuri ambacho dunia nzima imekiacha miaka mia, mimi nashika mfuko wangu.

Kwenye treni ya kurudi binti yangu hakunitazama mpaka tulipobadilisha.

"Ungeuliza, Baba."

"Ungesema."

"Ningesema ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Ndiyo sababu nikabadilishana zamu. Alhamisi sifanyi kazi. Nilitoka na sare ili nisikusikie." Halafu akanigeukia. "Nimechoka kupekuliwa. Shuleni ulinipekua, chuo ulinipekua. Ukinifuata tena, au ukinigusia vitu vyangu tena, nahama. Sitasema mara mbili."

"Na kazi? Utaiacha?"

Akaangalia dirishani. Nilirudi Barking na vitisho viwili: kwamba mwanangu ataniachia nyumba, na kwamba ataacha mkate wake kwa ajili ya wimbo uliotupwa. Cha pili ningeweza kukisema kwa sauti. Cha kwanza sikukisema.

Wiki moja baadaye nikamwambia nataka kuwashonea shati. Hii inahitaji maelezo. Katika ile hekaya mpanda farasi anakwenda vita vya mbali. Mke wake anampa shati jeupe alilolishona mwenyewe, anamwambia: livae, na maadamu mimi ni mwaminifu kwako halitaingia doa. Wao walikuwa wanatumia shati la poliesta la dukani. Lina vifungo vya plastiki! Mpanda farasi wa zama zile na vifungo vya plastiki!

"Unataka nini hasa, Baba?" binti yangu akauliza.

"Nataka shati lisimwaibishe mwanangu."

Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine nilitaka jicho langu liwe ndani ya ule ukumbi. Nadhani alijua. Alikubali hata hivyo, na mpaka leo sijaelewa kwa nini.

Kitani nilikwenda kukinunua Harrow, kwa Mhindi mmoja ninayenunua kwake tangu sisi wote tuna nywele. Amezaliwa Kisumu, Kiswahili chake ni cha sokoni na hakikosi neno. Nikamsimulia.

"Fundi," akasema, "ningekuwa huyo mama, shati nisingekupa wewe. Ungelitia kufuli."

"Nauliza kitani, siulizi maneno."

"Wewe hata maiti ungemwomba kitambulisho." Akanikatia kile kizuri, cha Ireland. "Na huyo mama kwenye hadithi, alimsaliti ama hakumsaliti?"

"Ndilo linalonikera. Kitabu kinasema alimsaliti."

Na kweli lilikuwa linanikera. Mwisho wa mchezo, shati linaonekana limechafuka, na mke anapiga magoti na kuungama zinaa. Yale ndiyo magoti niliyoyakuta. Nilipowapelekea shati lenyewe nilimuuliza mama wa muziki mbele ya wote: "Watu wote hawa, na aliyefaa kuwa mke mchafu ni mwanangu mweusi?"

Binti yangu alifunika uso. Mama wa muziki hakufunika.

"Nilimchagua kwa sababu anafika juu bila kupiga kelele," akasema. "Wengine wote wanapiga kelele. Lakini swali lako ni halali, na kuna jambo."

Akatoa makaratasi mawili. Moja lilikuwa la chapa, lile wanalolifuata. La pili lilikuwa la mkono, kahawia, lililokuwamo katika lile sanduku, na humo maneno ya kuungama hayapo. Muziki ni ule ule ila mke haungami kitu. Amesafiri kwa miguu mpaka kambini, amejifunika uso, analiona shati limetundikwa hemani, anamuuliza mumewe swali moja, anaondoka. Basi. Mama wa muziki alisema labda ni rasimu ambayo mtunzi hakuimaliza, au labda wenye jumba la maigizo walimlazimisha aibadilishe. Hakuwa na uhakika, na ukumbi ulikuwa umegawanyika. Yule wa ndevu alitaka magoti. Alisema bila kuungama watu hawataelewa shati lilichafukaje.

"Limechafuka wapi?" nikauliza.

"Vipi, wapi?"

"Karatasi ya mkono inasema doa liko wapi? Doa lina mahali pake."

Akavaa miwani, akasoma, akatafsiri. Mabegani, pande zote mbili, meusi. Kola nyeupe. Mikono myeupe. Kwapani hapakutajwa.

Nikaomba shati langu. Nimegeuza kola zilizochakaa za mashati ya watu miaka hamsini. Shati linalovaliwa huchafuka kola kwanza, kwapa, halafu mwisho wa mikono. Bega ni sehemu ya mwisho kuchafuka, maana bega halijifuti popote. Bega likiwa jeusi na kola nyeupe, shati hilo halijavaliwa. Limeshikwa. Nikaliinua juu mbele ya dirisha kama ninavyoinua kila nguo inayoingia dukani, kidole gumba na cha shahada bega hili, kidole gumba na cha shahada bega lile.

"Hivi," nikasema. "Kila asubuhi. Aliambiwa alivae, yeye akalikagua. Uchafu ni wa vidole vyake mwenyewe."

Yule wa ndevu aliangalia vidole vyake. Mama wa muziki alikuwa anaandika haraka kwenye pembe ya karatasi. Binti yangu alikuwa akinitazama mimi, mikono yangu ikiwa bado juu, na ndipo nikaona jinsi nilivyosimama. Nikalishusha.

Niseme wazi kwamba najishuku. Sikutaka mwanangu apige magoti mbele ya watu aungame zinaa, kwa hiyo fundi niliyetoa ushahidi siku ile hakuwa fundi asiye na maslahi. Lakini nimelirudia jambo hilo mara nyingi, na bega ni bega.

Wakachagua karatasi ya mkono.

Sasa shati likahitaji kuchafuliwa. Kijana wao wa mapambo ya jukwaa akaja na rangi ya kupuliza, nikamfukuza. Nilishona shati la pili, nikalitundika dukani karibu na dirisha, na kila asubuhi kabla ya kufungua nililishika mabegani na kuliinua, mikono yangu ikiwa na mafuta ya cherehani na chaki, sikuinawa makusudi. Wiki ya kwanza huoni kitu. Ya pili, kivuli. Ya nne, wateja wakaanza kuuliza shati hilo lina ugonjwa gani.

Na wakati huo huo, naomba nisidanganye hapa, nilikuwa nimefunga uzi kwenye zipu ya mfuko wa binti yangu. Uzi mwekundu, fundo dogo, ukifungua unakatika; ukirudi mzima, sare haikutoka. Nilitaka kujua kama Jumatatu anakwenda kazini kweli au ameshaacha kimya kimya. Alinikataza kumfuata, sikumfuata. Nilijiambia kufunga uzi si kugusa vitu.

Mtoto wa fundi anajua fundo la baba yake. Asubuhi moja nimekaa na chai, akauweka ule uzi mezani, umekatika, kando ya sukari.

"Huu ni wako."

"Nyuzi ziko nyingi."

"Baba."

Nikakoroga chai.

"Ulisimama pale mbele ya watu wote," akasema. "Ukainua lile shati. Nikafikiri ameelewa. Nilikwenda chooni kanisani nikalia, kwa furaha, unajua? Nikafikiri mzee wangu ameelewa."

"Ukiacha kazi, nani atakulisha?"

"Hilo ndilo unaloniuliza?"

Ndilo nililomuuliza. Lingine halikutoka. Jumamosi hiyo alihama. Rafiki yake wa wodini alikuwa amempatia chumba Croydon, na alikuja na gari, wakabeba masanduku manne. Nilishika mlango ili usijifunge. Hakuniomba nibebe kitu, na mimi sikujitolea, kwa kiburi, na pia kwa sababu niliogopa nikishika sanduku nitalipima uzito.

Opera iliimbwa Jumapili mchana, katika kanisa lenyewe. Mhindi wangu alikuja kutoka Harrow na mkewe, amevaa tai. Nilikaa safu ya nne, pembeni. Watu wengi walikuwa wazee wenye mvi, na wawili walikuwa na daftari. Niliwatazama hao wa daftari kuliko nilivyotazama jukwaa, mwanzoni. Wanaandika nini? Kabla mtu hajafungua mdomo!

Muziki siwezi kuueleza, sina maneno yake. Mwingine ulinichosha. Kuna mahali pa vita pana kelele nyingi na Mhindi wangu alilala, mkewe akampiga kiwiko. Lakini ikafika hemani. Yule wa ndevu akalitoa shati langu la pili, akaliinua kwenye taa, na watu wa mbele nikawasikia wanavuta pumzi, kwa sababu yale mabega hayakuwa ya rangi ya kupuliza. Binti yangu akaingia amejifunika. Hakupiga magoti. Alisimama mbali naye, mikono chini, akaimba lile swali, ambalo kwa Kijerumani silijui ila nilikuwa nimeambiwa maana yake: "Je, ulilivaa hata siku moja?" Aliimba mara tatu, kila mara chini zaidi ya ile iliyotangulia. Wakati wote nilikuwa nimejiandaa kwa ile sauti ya juu. Hii ya chini sikuwa nimejiandaa nayo. Mpanda farasi hakujibu, mke akaenda zake, na piano ikaendelea peke yake kwa muda, ikaisha.

Walipiga makofi. Wengine wakasimama. Wazungu husimama hata kwa adabu, kwa hiyo sijui. Mama wa muziki alilia, ila opera ile ni kama mali yake. Mhindi akaniambia sikioni, "Fundi, binti yako ni moto," na huyo hana sababu ya kunipamba, ananiuzia kwa bei ile ile.

Nje binti yangu alinijia akiwa bado na rangi usoni.

"Umeonaje?"

"Kola ilikaa vizuri."

Alinitazama. Nilijua hilo silo, nikatafuta jingine.

"Ile ya chini," nikasema. "Ya mwisho. Ile."

Akaitikia kwa kichwa. "Njoo Jumamosi ule," akasema. "Nitakutumia njia."

"Njia ya Croydon naijua."

"Najua unaijua," akasema, na karibu atabasamu.

Nilikwenda. Chumba chake ni kidogo, kiko ghorofa ya sita, kina kibaraza cha zege. Alipika wali na maharage ya nazi, akaunguza kidogo kama mama yake. Hatukuzungumza kazi. Nilikuwa nimeapa tangu kituoni kwamba sitauliza, nikalimeza lile swali pamoja na wali. Tulizungumza habari za mama wa muziki, kwamba kuna watu wa kaskazini wanaitaka ile opera na karatasi ya mkono, wanataka na shati. Nikasema shati silitoi kwa posta.

Halafu simu yake ikalia. Akasema ni jirani wa chini, amekwama na mlango, anarudi sasa hivi. Akatoka, akaniacha mezani na kikombe cha chai.

Mezani palikuwa na barua. Hazikuwa zimefichwa, ziko wazi kando ya sahani yangu, nne au tano, moja imefunguliwa na kurudishwa ndani nusu. Ilikuwa ya hospitali. Nembo niliiona, siwezi kusema sikuiona. Ilikuwa nene. Barua ya mtu aliyeacha kazi huwa nene au nyembamba? Na huyo jirani, mbona amekwama leo hii? Nikawaza ameziacha makusudi. Nikawaza hapana, anaishi tu, watu huacha barua mezani. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya meza.

Niliinuka, nikatoka kibarazani, nikafunga mlango wa kioo nyuma yangu. Baridi ilikuwa kali na koti nimeliacha ndani. Chini tramu ilipita. Nikawa naihesabia madirisha.

Sijui nilikaa muda gani. Nilisikia mlango wa mbele, kisha kimya, kisha kioo kikafunguliwa.

"Baba, mbona uko nje?"

"Napunga hewa."

Aligeuka akaangalia meza, akanigeukia, akaniona ninavyotetemeka. Hakuniambia barua inasema nini. Mpaka leo hajaniambia, nami sijamuuliza, na wiki moja huwa najua ameacha kazi, na wiki nyingine najua hajaacha. Alinivuta mkono wa shati.

"Ingia," akasema, na kwa Kiswahili. "Chai inapoa."